Umemuuza Mama Yangu Ukasema ni Wako

Kwako Deo, uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia hapa, mbele za watu, kwa sababu mbele za watu ndipo ulipouza picha ya mama yangu ukasema ni mama yako.

Unakumbuka tulivyoanza? Chumba changu cha Kanyenye, mimi nachora, wewe unatoa michoro uani kuipiga picha kwa simu. "Gina, mwanga wa saa hii ndio wenyewe," ulikuwa ukisema, huku ukitundika shuka jeupe ukutani. Ulifungua duka letu kwenye lile soko la mtandaoni, ukawa unawajibu wateja kwa Kiingereza. Mchoro wa kwanza ulipopata mnunuzi wa ng'ambo, tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ile nilikupenda, sikatai.

Mchoro mmoja tu nilikukataza. Ule wa mama akipepeta karanga kwetu Puge, midomo ameibana, jicho moja amelifumba kwa vumbi. Niliuchora akiwa ameketi mbele yangu, muda mfupi kabla hatujamzika. Nikakwambia, "Huu hauuzwi." Ukajibu, "Nimeelewa, mpenzi."

Ulielewa nini, Deo?

Nilikwenda Puge kuwasaidia wadogo zangu kuvuna. Niliporudi nikakuta ukutani umebaki msumari. Wewe ulishahamia Dar. Nikafungua duka letu kwenye simu: jina langu halipo, limebaki lako peke yake. Chini ya picha ya mama umeandika, "Nimemchora mama yangu mzazi. Anaumwa. Ukinunua utakuwa umemsaidia matibabu." Na mnunuzi amekujibu kwamba familia yake yote inamwombea apone.

Apone! Mama yangu yuko kaburini, wewe unamuuguza mtandaoni!

Nilipokupigia ulicheka. "Gina, hiyo ni stori tu ya kuvuta wateja. Usikuze mambo."

Basi nikayakuza. Niliwatumia wenye soko picha ya simu, mama ameketi kando ya mchoro huo, rangi haijakauka, na brashi iko mkononi mwangu. Wakakufungia duka. Mnunuzi naye nilimwandikia ukweli wote. Hajajibu mpaka leo, na mchoro sijui uko ukuta gani wa dunia. Hilo sitakusamehe.

Halafu ukamtuma mama yako. Mama wa watu akapanda treni kutoka Tura na kuku wake kwapani. Nikamwamkia shikamoo, nikampikia.

"Mkwe wangu," akasema, "mwenzako amekosa. Waambie wamfungulie duka lake, ale."

"Mama, alikwambia aliuza nini?"

Alikuwa hajui. Nikamweleza yote, na jinsi ulivyoandika kwamba mama yako ni mgonjwa. Akaweka tonge chini.

"Mimi? Mgonjwa wa nini?"

Hakukutetea tena. Alipomaliza kunawa akaniuliza kwa aibu kama naweza kumchora na yeye, alivyo, mzima. Nikamchora mchana kutwa, tukizungumza habari nyingine kabisa, wala si zako.

Mchoro ameondoka nao kurudi Tura. Nimeandika jina lake, na chini yake langu, kwa herufi kubwa. Ukienda kumsalimia utauona sebuleni. Utazame ukiwa umekaa, mikono magotini. Ameniahidi kwamba ukiugusa, atanipigia simu yeye mwenyewe.

Usinitafute tena.

Aliyekuwa mchumba wako,
Regina