Kilichokula Seva

Jumapili, 3 Februari 2019
Mfumo umegota tena, mara tu baada ya Isha. Hiyo ndiyo saa Riyadh nzima inaagiza maji na mboga kwa simu, na app yetu inazunguka tu. Madereva wamejaa nje ya bohari, honi juu ya honi. Bosi, Abu Nasser, amekuja hadi mezani kwangu. Anataka kujua ni nani. Si nini — nani!

Nikamwambia atulie, profaila itatuonyesha. Ni kiprogramu nilichokiweka mwenyewe. Kinachungulia ndani ya seva mara nyingi kila sekunde, kinaona ni sehemu gani iko kazini, kisha kinachora milia ya rangi. Mlia mpana ndio mlaji. Hakijui undugu, nikamwambia. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumatatu, 4 Februari
Mlia mpana kuliko yote ni sehemu ya kuwachagulia madereva njia. Kazi ya Hezekiah.

Hezekiah! Tulisoma naye Eldoret, mimi ndiye niliyemwombea nafasi hapa, na tunalala chumba kimoja Batha. Ningemwita kando kwanza. Lakini bosi alikuwa nyuma ya kiti changu, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikagusa skrini kwa kidole, nikataja jina.

Hezekiah alisema ameipima sehemu yake mara kadhaa, iko sawa. Bosi akamjibu kwamba picha haina sababu ya kumwonea.

Jumanne, 5 Februari
Halas, Hezekiah amefukuzwa. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, kwa hiyo hakuna la kubishania. Bosi ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake, na tayari amemwombea exit, ruhusa ya kuondoka nchini. Ndege ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Kinachoniuma ni Sellah, mkewe. Anafanya kazi za nyumbani Al-Safa, Jeddah. Hezekiah alikuja Saudia kwa sababu yake. Mara moja kwa mwezi hupanda basi usiku kucha, wakaonane supermaketi, madam mwajiri wake Sellah akimtuma vitu. Wanasimama kwenye rafu za sabuni, dereva wa nyumba anajifanya haoni. Ndoa yao yote iko hapo! Sasa hata hiyo imekwisha.

Ila najiambia — mashine ndiyo iliyosema, si mimi.

Jumapili, 10 Februari
Tumetoa sehemu ya Hezekiah, tumerudisha ile ya zamani. Jioni mfumo umegota vilevile.

Bosi anasema huenda jamaa aliharibu na sehemu nyingine. Nikasema huenda. Kwa nini nilisema huenda?

Jumatatu, 11 Februari
Nimezima profaila leo ili niweke toleo jipya. Seva ikapumua! Nikaiwasha, ikakabwa. Nikazima, ikapumua.

Ni mimi. Mwezi uliopita nilikuwa nawinda hitilafu ndogo kwenye sehemu ya njia, nikapandisha profaila ichungulie mara mia zaidi ya kawaida. Hitilafu nikaipata. Kushusha nikasahau. Na kila inapochungulia, inasimamisha kazi kidogo. Sehemu ya Hezekiah ina hatua nyingi ndani ya hatua, basi kuichungulia kunachukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Ndiyo maana mlia wake ulinenepa. Mlaji alikuwa profaila yangu.

Nimeshusha. Jioni app imekimbia vizuri ajabu. Bosi ameuliza nimefanya nini, nikasema nimerekebisha mipangilio. Si uongo. Si ukweli pia! Amenipiga bega na kusaini mkataba wangu papo hapo, miaka miwili. Nilisema shukran. Mate yalikuwa machungu.

Jumatano, 13 Februari
Nimemsindikiza Hezekiah sokoni kununua sanduku. Nilikusudia kumwambia njiani. Akaninunulia juisi. Akasema nisijilaumu, nilifanya kazi yangu, hata yeye angefanya hivyo.

Tuliporudi akafungua laptopu. Nikamwuliza anafanya nini. "Natafuta tu pale nilipokosea, bro. Nisirudie tena nikipata kazi nyumbani." Anaisoma programu yake mstari kwa mstari, kosa halimo, na mimi nimekaa kitandani natazama mgongo wake. Nimekuwa mtu wa ajabu. Najichukia.

Alhamisi, 14 Februari
Nimeulizia kwa karani wa makaratasi, kijuujuu tu. Anasema kafili anaweza kufuta exit ilimradi mtu hajaondoka. Leo inawezekana. Kesho ofisi imefungwa na ndege inaruka. Bosi yuko ofisini hadi Magharibi. Akijua, atamrudisha Hezekiah — labda. Atanifukuza mimi — bila labda. Nilifika hadi mlangoni kwake, nikamwona anacheka na simu, nikageuka. Nikaja nyumbani mapema. Mwoga mimi.

Hezekiah anasonga ugali wa mwisho, ameniachia simu yake. Sellah akapiga. Madam amelala, ana dakika chache. Hakulia. Aliuliza taratibu: "Shemeji Japheth, wewe ndiye unayeona ndani ya hiyo mashine. Niambie ukweli, mume wangu alikosea? Yeye ananiambia alikosea. Mimi namjua huyu mtu, siamini."

Nikasema, haloo? Haloo? Network mbaya. Nikakata.

Network ilikuwa safi kabisa.

Nimeshika kalamu ili mikono ipate kazi. Adhana ya Magharibi bado. Kwa teksi, ofisini si mbali. Simu imeanza kulia tena hapa kitandani, jina lake linawaka, na Hezekiah anapaza sauti kutoka jikoni: "Pokea basi, Japheth, si ni Sellah! Ongea naye!"