Benchi la Joto Mbele ya Zahanati

Jumatatu, 8 Juni

Baridi ya leo haina adabu. Imeingia ofisini bila hodi, ikavuta kiti, ikakaa na sisi. Bosi wetu—kimoyomoyo namwita Haiwezekani, maana ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi—leo kasema inawezekana! Nikadhani anaumwa. Kumbe jana kampeleka mkewe zahanati, wakangoja basi kwenye lile benchi la chuma. Chuma kimemfundisha. Sasa anataka kituo kiwe na joto: ukuta pande tatu, benchi la mbao, waya wa joto chini yake. Fundi umeme wa manispaa ni nani? Mimi. Na atakayelaumiwa likimuunguza mtu ni nani? Mimi pia.

Nyumbani nimemkuta Baba jikoni, kajiviringisha blanketi kama kifurushi kilichokosa anwani. Miaka yote kafanya kazi posta, sasa mwenyewe ndiye kifurushi. Tangu tumzike Mama hatoki nje. Sababu yake kikohozi. Kikohozi chenyewe huja nikitaja tu neno "nje".

Nimemweleza kazi mpya. Kasema watu wa siku hizi ni laini, watataka na basi liwafuate kitandani.

Ijumaa, 12 Juni

Seremala kaleta benchi. Zuri! Nimepitisha waya, nimefunika kwa plaiwudi, vioo vya ukuta vimekaa, paa tumeliinamisha mbele mvua isiingie. Nikawasha. Nikawakaribisha abiria kama mwenye nyumba.

Hakuna aliyekaa! Wamesimama nje kwenye upepo, mikono makwapani, wanalitazama benchi kama ng'ombe mgeni. Mama mmoja kauliza kama umeme hautapanda kwenye sketi. Nikakaa mwenyewe, niwe mfano. Nikasikia mtu anamwambia mwenzake: huyo ni mtu wa manispaa, atasemaje?

Hadi jioni nimekaa peke yangu kama bibi harusi aliyeachwa. Lakini benchi ni tamu, jamani.

Jumanne, 16 Juni

Wamekaa!

Kaanza mama mmoja mshona mapazia, kavaa kofia mbili za sufu, moja juu ya nyingine. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba mwanangu, akasema, hiki kitu kinauma? Nikasema hakiumi. Akaketi polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Akafumba macho.

"Ee," akasema. "Kumbe hivi ndivyo kuku anavyojisikia akiatamia."

Watu wakacheka mpaka wakasahau kuogopa. Wakabanana wote. Mchana makondakta walikuwa wameshabadilisha jina: "Kiatamio! Wa Kiatamio shukeni!" Bosi Haiwezekani hajafurahi. Kasema kwenye ripoti tutaandika "Kituo cha Zahanati". Waandike. Mimi nimekwisha kuwa fundi wa Kiatamio.

Jumatano, 17 Juni

Dada kapiga simu. Yeye ni mkubwa na anaishi mbali, kwa hiyo anajua kila kitu. Kasema nimtoe Baba ndani kabla hajaota mizizi. Nikasema nimtoeje, nimkokote? Kasema tumia akili, si ndiyo uliyosomea.

Nikamwendea Baba na ujanja. Baba, lile benchi langu nahitaji mtu makini alikague. Kakohoa. Nikaendelea kuosha vikombe. Baada ya muda kauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali: makini kiasi gani?

Jumamosi, 20 Juni

Kaenda! Karudi na lawama tele. Upande wa kushoto upepo unapenya. Hakuna pa kuegesha fimbo. Mbao ya pili inapiga kelele. Na abiria hawana heshima, mama mmoja mwenye kofia mbili kamwambia asogee, yeye, mtu mzima, aliyewahi kufika kabla yake!

Nimempa pole. Kasema Jumatatu atarudi kuhakikisha.

Jumatatu, 22 Juni

Kaenda asubuhi, karudi jioni. Alikuwa kanyoa. Kavaa lile koti la kijivu la harusi ya Dada. Na shati kalipiga pasi—pasi! Mtu ambaye tangu tuzaliwe hajui pasi inakaa wapi. Nimemuuliza kikohozi kinaendeleaje. Kaniuliza: kikohozi gani?

Nimempigia Dada. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Mapenzi ni kikohozi, kasema, hayafichiki. Kimoja kimepona, kingine kimeanza.

Nami nimecheka. Halafu nimekata simu, nikaona aproni ya Mama bado imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Kicheko kikaisha chenyewe.

Jumanne, 23 Juni

Nimepita kituoni na sanduku la vifaa. Kisingizio cha kukagua fyuzi. Nani kasema fyuzi hazikaguliwi?

Wamekaa mwisho wa benchi, Baba na Mama Kofia. Katikati yao nafasi ya kutosha kuweka mkoba, nafasi ya heshima kabisa. Mabasi yanakuja, mabasi yanaondoka. Yeye mapazia yake mapajani, anapinda ukingo kwa sindano. Baba anasimulia. Naijua hadithi hiyo: barua iliyoandikwa juu yake "Kwa mpenzi wangu, nyumba yenye mbwa mkali", na jinsi alivyoitafuta ile nyumba mpaka akaumwa suruali. Mama aliisikia mpaka akaipiga marufuku mezani.

Mama Kofia kacheka. Kacheka palepale Mama alipokuwa anacheka zamani, kwenye suruali.

Imenichoma. Siwezi kusema vinginevyo, humu naandika peke yangu. Nikainama chini ya benchi, nikawa nakaza, nakaza, mpaka sauti ya Mama Kofia ikaniita kutoka juu: "Fundi! Hiyo bolti imekukosea nini? Ilishakaza zamani."

Nikatoka na vumbi usoni. Kanipangusa shavu kwa kipande cha pazia, bila kuniomba ruhusa. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu!

Alhamisi, 25 Juni

Haiwezekani karudi kwenye jina lake. Wenye mabasi wamelalamika. Abiria wa Kiatamio hawapandi! Wakiitwa wanasema ngoja lijalo. Lijalo likija, wanasema hilohilo. Na kuna watu, kasema bosi, hawasubiri basi lolote. Wanashinda pale kutwa. Kesho anakuja mwenyewe; asiyesafiri ataondolewa. Nami niweke swichi, joto liwake asubuhi na jioni tu.

Nikauliza, bosi, mchana baridi inakwenda likizo? Kasema haiwezekani manispaa iwapashe joto wazururaji. Kwa mfano yupo mzee mmoja wa koti la kijivu.

Sikumwambia kuwa ni baba yangu. Mdomo huu unaojua kuongea!

Jioni nimemwambia Baba kesho asiende. Kauliza kwa nini. Nikamweleza yote, hata neno wazururaji, nikajuta palepale. Kavuta blanketi lake. Kisha kasema:

"Basi nirudi jikoni."

Hakugomba. Wala hakukohoa. Afadhali angekohoa.

Ijumaa, 26 Juni

Asubuhi nimeondoka na swichi mfukoni. Baba alikuwa bado chumbani kwake, nikafurahi kwa aibu. Nafika kituoni—koti la kijivu hilo hapo! Karibu na kofia mbili. Kanitangulia kwa njia ya nyuma, mzee huyu.

Haiwezekani kaja na mwavuli. Kawaamkia wote vizuri, ana adabu, hilo tusimnyime. Kisha kasimama mbele ya Baba.

"Mzee wangu, unasubiri basi gani?"

Baba hajui kudanganya. Kaanza kufunga vifungo vya koti. Abiria wote wamegeuka. Mimi nikasikia sauti yangu inasema, kabla sijaipa ruhusa:

"Bosi, huyu ni baba yangu. Mimi ndiye niliyemleta hapa."

Kanitazama. "Haiwezekani," kasema, lakini taratibu, kama mtu anayeuliza.

Na basi likaingia. Mama Kofia kainuka, kakunja pazia, kaweka kofia sawa, zote mbili. "Anasubiri hili," kasema. "Twende, mzee, utaniachia mzigo wote huu?"

Baba kalitazama basi. Kanitazama mimi. Tangu tumzike Mama hajapanda gari lolote, najua anavyolichukia lile la mwisho alilopanda, la mazishi.

Nikamwambia, "Panda Baba. Mlango ukikaa wazi baridi inaingia."

Kapanda. Kaachiwa kiti cha dirishani. Hakupunga mkono, alikuwa anahangaika na pazia.

Haiwezekani kaketi pale pale Baba alipoinuka. Kukagua, kasema. Basi likaja, likaondoka. Likaja jingine. Nikamuuliza niifunge swichi sasa? Kasema nisimharakishe, bado anakagua.

Sasa ni jioni, niko nyumbani. Swichi bado iko mfukoni.

Simu imelia muda si mrefu. Namba nisiyoijua. Baba! Kaazima simu ya mtu. Wako mwisho wa njia. Mwisho wa njia ni wapi? Hajui, Mama Kofia ndiye anayejua, walipeleka mapazia. Kisha kaanza kulalamika: huku benchi lao ni chuma, mwanangu, chuma tupu, ukuta hakuna, watu wa huku wamekosa nini? Nyuma yake nasikia mtu anacheka na meno yanagongana.

Nikauliza, basi la kurudi halijafika?

"Limefika moja," kasema. "Tumeliacha lipite."

Kwenye chuma! Na baridi hii!

Nikauliza sasa mnarudi saa ngapi. Kasema lijalo, pengine. Simu ya watu ikakatika.

Chakula kimeiva. Nimesimama mbele ya kabati la vyombo, sijui nitoe sahani mbili au tatu.