Futari ya Shangazi Aliyefunga Miaka Saba

Kwa mdogo wangu Mwanaidi, huko nyumbani Lamu.

Huna haya. Nianze hapo, salamu zitafuata. Mwaka wa nne huu niko Mombasa, na kila atokaye Lamu naambiwa, "Mwanaidi yuaja mwezi ujao." Mwezi gani huo usiofika? Mara kuku wameangua, mara goti lauma, mara paa lavuja. Kwani mapaa ya huku hayavuji? Kuku waachie jirani, na goti njoo nalo, nitalikanda mwenyewe. Mimi mkubwa wako, meno yamebaki manne, na bahari nilipanda nikaja huku natapika njia nzima. Wewe mwenye meno yote wanishinda nini?

Haya, sasa salaam aleikum. Hujambo wewe? Mumeo hajambo, na kile kikohozi chake? Watoto wazima? Sisi huku Kibokoni tu salama, tumeloa tu kwa masika, lakini salama. Anayeniandikia ni Bi Sauda, jirani yangu wa ukuta mmoja, asomeshaye watoto Kurani. Alitaka kunilainishia maneno nikamkataza. Kwa hivyo ukikuta neno kali, ni langu, usimlaumu mwenzako.

Wakumbuka nilikuja kumtazama mjukuu wetu Amina alipojifungua. Nilisema siku arubaini, nikakaa moja kwa moja. Sababu sikukwambia, maana barua husomwa na watu wengi kabla hujaisikia wewe. Sasa mambo yametengenea, na hata ikisomwa sokoni na isomwe.

Mume wa Amina wamjua, Salim, fundi mwashi, yule aliyekuja Lamu kujenga nyumba ya watu akaondoka na mtoto wetu. Ni mtu mwema, mpole mpaka watamani umfinye uone kama atalia. Mamake alikufa yeye akinyonya. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Rukia, mtu wa Kuze, nyumba ya watu wa tangu na tangu, ukipita mlangoni wasikia udi. Bi Rukia alikuwa amemwekea Salim mke katika jamaa zake, na Salim akamletea msichana wa Lamu. Basi yule mama hakugomba. Afadhali angaligomba. Alichofanya ni kutokula.

Sikiliza vizuri. Miaka saba, kila akija kwa Amina, amefunga. Jumatatu amefunga, Alhamisi amefunga, hizo nazikubali, ni sunna. Lakini Jumamosi? Jumatano? Siku ya arusi yenyewe alikuwa amefunga. Mtoto alipozaliwa, shangazi akaletewa uji wa mzazi aonje, kama desturi, akasema amefunga. Siku ya Idi, ambayo kufunga ni haramu, akasema tumbo lamsokota. Hukaa kwenye mkeka, hutaja Mungu, huuliza hali ya mtoto, huenda zake, na sahani chini ya kawa haijafunuliwa. Na mtu akikwambia amefunga utamjibu nini? Utamwambia mwongo?

Mtaa mzima ulikuwa wajua. Mtu asiyetia tonge lako kinywani hajakukubali, hilo si la kufundishwa. Amina alikonda. Mwezi uliopita nikamkuta amefunga nguo zake na za mtoto katika leso, akaniambia, "Bibi, masika yakiisha nirudishe kwetu. Salim hana kosa, lakini mimi nimechoka kuwa najisi." Mwanaidi, neno lile lilinichoma hapa kifuani. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, usifungue wala usikaze. Nipe siku kumi."

Nikavaa, nikaenda Kuze mwenyewe. Nikamkuta Bi Rukia ukumbini na wanawake wa nyumbani kwake wanashona kofia. Nikakaa, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha nikamwambia, "Bi Rukia, Alhamisi utafunga?"

Akanitazama. "Inshallah."

"Basi njoo ufuturu kwetu."

Wale wanawake sindano zikasimama. Nikamwambia, "Kumfuturisha mwenye saumu kuna thawabu nyingi, na mimi ni mzee, sijui nimebakiwa na siku ngapi za kuchuma. Utaninyima?"

Atasema nini? Akasema, "Nitakuja. Lakini nina watu wangu."

Nami kwa kiburi changu cha kushinda nikajibu kama tujibuvyo sisi, "Njoo na mtaa."

Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mwenyewe kabla hujanicheka.

Niliporudi, Salim akashika kichwa. Masika haya chokaa haikauki, mwashi hana kazi, ndani mna mchele na nazi na shukuru Mungu. Akataka kuuza joho lake la arusi anunue nyama ya pilau. Nikamwambia, "Mume wangu, joho livae. Tutapika papa."

"Papa? Bibi, shangazi umpikie papa mkavu? Watu watasema."

"Watasema vipi na midomo imejaa?"

"Nyumba nzima itanuka."

"Na inuke. Pilau huliwa kwa adabu. Papa huliwa kwa vidole vitano."

Na wewe wajua mimi papa nampika vipi, maana tulifundishwa pamoja na ukapigwa wewe upawa kwa kuharakisha tui. Nilimtia motoni kidogo ngozi itoke, nikamloweka, nikamsugua mchanga wote, maana punje moja ya mchanga huharibu karamu nzima. Nikamchambua nyuzi nyuzi. Kunde nilikuwa nimeziloweka tangu jana yake. Mchicha ulitoka uani kwetu, wajiotea tu. Nazi nilikuna kumi, mkono ukafa ganzi. Tui la kwanza nikaliweka kando, la pili nikapikia wali, na mchuzi wenye vitunguu na manjano na ukwaju na pilipili nzima zisizopasuliwa, zielee tu. Kuni zimeloa, moshi kama nyumba yaungua, Amina alia, sijui ni moshi au ni mengine.

Alasiri ikapita. Niliweka mahesabu ya watu sita, tuseme wanane, kwa adabu. Mwanaidi, waliingia kumi na tisa. Walipanga foleni mlangoni kama wanapokea posho, watu wazima, wajakazi wa zamani, binamu, mama mkwe wa binamu. Na Bi Rukia mbele, amenyooka kama mnara. Sijui kama alikusudia kutuaibisha au alinichukua kwa neno langu. Mimi mwenyewe nilisema mtaa.

Amina akanivuta jikoni. Uso hauna damu. "Bibi, wali hautoshi."

"Wali hautoshi nani kasema? Nenda kakae nao, ucheke."

Nikapiga ukuta kwa mwiko. Bi Sauda akatoa kichwa juu. (Ataka iandikwe kwamba alikuwa na mafua. Alikuwa nayo, na bado alikuja.) Alikuwa na mihogo ya chakula chao cha usiku, akanipa yote, akakaa chini akaimenya kama mtu aliyetumwa na malaika. Tukaitia katika lile tui la pili lililobaki na chumvi na pilipili. Kunde nikazigawa: nusu nikaziacha kwenye mchuzi wake, nusu nikazichanganya na wali uliokuwa waiva, ukaongezeka mbele ya macho yangu. Mchuzi wa papa nikauongezea ukwaju na tui la kwanza lote, nikakoroga upande mmoja bila kusimama mpaka ukawa mzito, wa kushika vidole. Kisha nikafunika wali, nikapalia makaa juu ya kifuniko, nikajifuta uso, nikatoka kama mwanamke asiye na shida.

Ikaadhiniwa. Nikambebea Bi Rukia tende zetu na maji. Unajua alifanya nini? Akafungua pindo la leso yake, akatoa tende mbili za kwake. Alikuja na futari yake mkononi. Akala zake, akanywa maji ya mtungi wetu, nadhani kwa kuwa maji ni ya Mungu, akasema, "Alhamdulillahi, nimefuturu." Tukasali. Tukaweka masinia, na yeye akavuta tasbihi, akasogea ukutani. "Kuleni nyinyi. Mimi nimeshafuturu."

Nikamwona Amina vile alivyoinamisha macho. Nilitaka kusema neno, wallahi ulimi uliwasha. Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Lakini wale wengine, Mwanaidi. Walianza kwa adabu, matonge madogo madogo kama kuku mgonjwa. Kisha mmoja, mama mnene mcheshi, akaonja mchuzi wa papa, akafunga macho. "Enyi," akasema, "mimi mume wangu akifa nitakaa eda nyumba hii." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. Baada ya hapo hapakuwa na adabu tena. Wakavutana masinia. Wakagombea pilipili. Huyu asema kunde ziko upande wako, yule asema vidole vyako ni virefu, Mungu alikupendelea. Huko barazani wanaume nao wamemaliza masinia yao, Salim aja mlangoni kila mara kuomba mchuzi, wasema waongezwe, na jicho lake latafuta mkono wa shangazi yake, na mkono wa shangazi wahesabu tasbihi.

Masinia yakarudi jikoni matupu, kama yameoshwa. Mimi sikuwa nimekula kitu. Nikakaa chini peke yangu, nikafunua sufuria, nikaanza kubandua ukoko. Wajua ukoko wa wali wa nazi uliopaliwa: mwekundu, wapasuka ukiuvunja, pembeni umeshika mafuta. Nikaumwagia mchuzi uliobaki chini ya chungu, ule wenye nyuzi za papa.

Nikahisi mtu mlangoni. Bi Rukia, amekuja kuaga. Amesimama, ametazama sufuria.

Nikamwambia, "Rudi ukakae, mama. Jikoni si pa mgeni."

"Mgeni?" Akakasirika kweli, sauti ikapanda. "Nyumba hii ni ya mwanangu. Nimemlea mgongoni. Mimi ni mgeni hapa?"

"Asiyekula ni mgeni. Miaka saba waja, miaka saba u mgeni. Sisi tumekuheshimu kama mgeni. Ungekuwa mwenye nyumba ungekuwa umekaa hapa nami unagombea ukoko."

Nilidhani atatoka na watu wake wote kumi na wanane. Akaegemea mlango. Nilisikia maji yakitiririka kwenye mtungi uani, na wale ukumbini wakicheka. Kisha akasema polepole, si kwangu hasa, "Mamake Salim, wifi yangu, ndiye aliyekuwa akinifichia ukoko. Nyumbani kwetu msichana hapewi, ataambiwa ni mlafi. Yeye alikuwa akinifichia kwenye kifumbu cha kuchujia tui."

Nikasogeza mbuzi ya kukunia nazi kwa mguu. Akaketi juu yake, na leso yake ya hariri, magoti juu kama msichana. Akanyoosha mkono.

"Nipe wa pembeni," akasema. "Huo wa katikati ni mlaini, kula wewe usiye na meno."

Mwanaidi, alikula. Alikula akalamba kidole gumba. Kisha akasema chumvi imezidi. Nilitaka kumbusu kwa tusi lile, maana mgeni hasemi chumvi imezidi.

Hapo Amina akaingia na sinia la mwisho. Akaona. Sinia likabaki mikononi, hajui aliweke wapi. Bi Rukia, ambaye miaka saba alikuwa akimwita "mke wa Salim" kama asomaye hati ya kadhi, akainua uso, mdomo una mafuta. Akasema, "Amina, mwanangu, kuna ndimu? Ukoko huu wataka ndimu."

Amina akakimbia kutafuta ndimu uani gizani na mvua yanyesha, na mti una ndimu mlangoni kabisa, hakuziona. Alirudi ameloa, amekumbatia sita, analia na kucheka. Mimi nikaendelea kula, kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Tangu siku ile amekuja mara tatu. Hajafunga hata moja. Akiingia haulizi hali, huuliza kilichopikwa. Jumapili alimwambia Amina kunde zake ni ngumu, wakabishana nusu siku kwa raha. Ile leso ya nguo imefunguliwa, nimeitumia kufungia mchele. Salim atabasamu peke yake, ingawa chokaa bado haikauki.

Nisalimie mumeo. Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu, mwambie dawa ya macho aliyoniletea imenifaa. Nisalimie yule bibi mkunga aliyetuzalisha mimi na wewe, kama bado ana nguvu za kutukana watu. Nisalimie mwuza papa wa pale karibu na msikiti, mwambie papa wa Mombasa hamfikii wake. Watoto wote wabusu, hata yule mchafu.

Ni mimi dadako, Mwanakombo, wa Kibokoni kwa sasa.

Bi Sauda ameshaandika jina langu, lakini namrudisha, kuna neno. Bi Rukia ataka kukuona, amesikia kwamba tulifundishwa jiko moja. Basi ukija, usije kwangu kwanza. Shuka, uliza njia ya Kuze, uingie kwa Bi Rukia na vumbi lako la safari, na chochote atakachokufunulia ule mpaka sahani ing'ae. Hata kama umefunga, fungulia hapo.