Shati la Nne Kambani

Manila, 8 Februari 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkono wako nauweka kwenye paji langu la uso, nipate baraka kutoka huku huku. Hujambo? Kifua je, na magoti? Mimi mzima, ila Manila hata wali una haraka. Ukigeuka tu umeungua.

Baba, kaa kwanza. Mashati ya Ndugu Watatu yameletwa kwenye kampuni yetu ya matangazo. Ndiyo, hayo hayo unayoyakata tangu sijazaliwa! Bibi Amparing, mwenye kiwanda, alikuja mwenyewe, anajipepea. Anasema vijana wa siku hizi wanayaita mashati ya babu, na mauzo yasipopanda kufikia Krismasi atafunga kiwanda. Nikawaona ninyi nyote nje ya lango, mikasi mkononi, hamna cha kukata.

Bosi wangu, Bwana Rivadulla, alitaka waigizaji na magari ya fahari. Nikasema hapana, tuwaonyeshe wanaume wa kazi wenyewe, watatu, kama walivyo kwenye lebo. Na maneno nimemwibia marehemu mama: "Shati lisilolowa jasho ni pazia." Wakakubali. Mpiga picha atafika huko mwezi ujao. Nakuomba usimame wewe.

Mwanao,
Inday


Iloilo, 20 Februari 1991

Mwanangu Inday,

Marahaba. Hatujambo kwa neema ya Mungu. Kifua kimetulia, na magoti bado yanatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma kiwandani kwa sauti. Wanawake wa cherehani waliposikia maneno ya mama yako walilia, kisha wakacheka, maana aliwachapa nayo kila siku.

Lakini wewe mtoto, huko Manila wanakunywesha nini? Watu watatu kwenye picha moja! Umesahau kwamba wa katikati ndiye anayetangulia kufa? Unadhani kwa nini lebo yetu imechorwa kwa mkono miaka yote hii? Hakuna aliyethubutu kupigwa picha! Berting wa marobota anasema atasimama kushoto. Arsenio wa pasi anasema kulia, tena kwa moyo mkunjufu. Katikati pako wazi kama kiti cha mng'oa meno.

Haya, nitasimama mimi. Mkubwa ni mimi, na kiwanda kikifungwa tutakufa wote bila hata hiyo picha. Ila niache nitafute namna.

Ni mimi,
Baba yako


Iloilo, 17 Machi 1991

Inday wangu,

Salamu nyingi. Sikungoja jibu lako, nina neno tamu.

Unalikumbuka lile shati jeupe alilonishonea mama yako kabla ya kulazwa? Sijalivaa hata siku moja. Niliogopa lisichakae, nikalifungia kabatini na dawa ya nondo. Basi asubuhi ya picha nikalitoa, nikalianika kwenye kamba ya uani, pembeni ya Arsenio. Upepo ukaingia. Kifua chake kikajaa, mikono ikainuka, mmoja ukamgusa Arsenio begani. Berting akavua kofia, akamsalimu mama yako, "Hujambo, dada Sorsing." Hakuna aliyecheka.

Tukawa wanne, Inday. Na wanne hawana wa katikati. Hata mpiga picha alishusha sauti. Kwa kitambo pale uani nilisahau kwamba mama yako hayupo, nikawa nataka kumwambia kola imepinda.

Ni mimi,
Baba yako


Manila, 12 Mei 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini joto halijawamaliza. Mimi silali kwa furaha.

Bango limepanda! Limechorwa kwa rangi, kubwa kuliko kanisa letu, juu ya barabara kuu. Jana mvua ilinyesha, maji yakajaa njia, na kivuli cha sura yako kikaelea majini miongoni mwa magari. Wapita njia wanasimama na kusema, "Huyo ni kama baba yangu." Maduka yameanza kuagiza tena. Bwana Rivadulla aliukata upande mmoja wa picha ili nyuso zenu ziwe kubwa. Alisema ile kamba inachanganya macho. Lakini mmependeza, Baba, mmependeza mno! Lenu la Iloilo linakuja.

Mwanao,
Inday


Iloilo, 9 Juni 1991

Inday,

Mimi mzima. Bango limefika, liko karibu na uwanja wa Jaro. Nilisimama chini yake na mwavuli mpaka watu wakaniuliza kama nimepotea.

Tuko watatu. Wanawake wakipita wanapiga ishara ya msalaba. Berting kila asubuhi ananigongea dirisha: "Umeamka?" Namjibu, "Bado." Tunacheka, lakini kesho yake anarudi kugonga.

Kufa si neno, nimeshaishi. Lakini mama yako umemkata. Nilimtoa kabatini mbele za watu, nikamsimamisha kazini pamoja nasi, wakamkata kama ncha ya kitambaa, na wewe mwanawe umeniandikia kwamba nimependeza. Nimeumia. Usinijibu haraka.

Baba yako


Manila, 30 Julai 1991

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shangazi Nenang ameniandikia kwamba una homa ya mapafu na umelazwa, na kwamba kiwandani wanasema picha imeanza kazi. Baba, tafadhali, mwambie hata Berting aniandikie neno moja. Roho yangu iko juu juu.

Nilimwomba bosi alirudishe shati. Akasema picha inayouza haiguswi. Na kweli inauza. Kiwanda huenda kikapona. Nilidhani siku nitakapoisikia habari hiyo nitacheza.

Nimemwota mama. Kamba ya nguo imetoka uani kwetu, imepita juu ya bahari mpaka dirishani kwangu, naye anatembea juu yake ameshika vibanio. Akaniuliza, "Mimi nisimame wapi?" Nikaamka, nikaenda kufungua dirisha.

Mwanao,
Inday


Manila, 14 Septemba 1991

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi anasema umerudi nyumbani na unagombana na uji. Nimelia kwa furaha sokoni, muuza samaki akanipa kitambaa chake.

Nimefanya jambo. Dhoruba ya wiki iliyopita ilibandua rangi ya bango, akaitwa mchoraji, Mzee Doming, kulirudishia. Nikamfuata alfajiri na ile picha nzima. Nilipanda jukwaa la mianzi na sketi yangu ya ofisini, Baba, huku chini wanapiga miluzi! Mzee akaitazama picha. Akauliza, "Bosi wako anajua?"

"Hajui."

"Basi shika ndoo."

Akamchora mama pale palipokuwa na mbingu tupu. Shati peke yake, limejaa upepo, mkono umeinuka. Tuliposhuka, magari yalikuwa yamepunguza mwendo yenyewe.

Bwana Rivadulla alinisimamisha kazi hapo hapo, nikaenda kulala nikijua nimekwisha. Kumbe Bibi Amparing alikuwa amepita. Aliteremka garini, akalitazama shati lile akiwa katikati ya matope, akauliza ni la nani. Nikaitwa nimweleze. Alikuwa anamkumbuka mama na cherehani yake ya dirishani. Ameagiza kila mji uchorewe hivyo hivyo. Mimi nimerudishwa, na bosi sasa anasema wazo lilikuwa lake. Mwache tu.

Nisamehe, Baba. Usiponijibu bado nitakuandikia.

Mwanao,
Inday


Iloilo, 5 Novemba 1991

Mwanangu Inday,

Marahaba, marahaba. Nimepona, ila sauti imebaki ya chura. Berting bado anagonga dirisha. Sasa ni mazoea, anakuja kunywa kahawa yangu.

Bango letu lilimalizwa kabla ya sikukuu ya wafu. Tulipotoka makaburini, na nta ya mishumaa mikononi na vitumbua vya mchele alivyovipenda mama yako, tulipitia Jaro. Wanawake wote wa cherehani walikuwepo. Nilihesabu sura zetu kama mjinga anayehesabu ndugu zake, na pamoja na shati tukatimia wanne. Arsenio akaninong'oneza, "Hamna wa katikati, mzee." Mchoraji wa huku amempa mama yako kola iliyopinda. Nimemwambia asiiguse.

Bibi Amparing ametutangazia kwamba lango halifungwi. Tumekula tambi za sherehe kwenye meza ya kukatia, na vitambaa vinanuka vitunguu mpaka leo.

Usiku ule nikalitazama lile shati kabatini, nikasikia aibu. Mama yako hakushona pazia. Na huko juu bangoni ana nafasi yake sasa, haondoki. Basi jana nikalivaa, nikaenda nalo kazini. Limenibana tumbo, maana hakunipimia uzee. Mpaka mchana mgongo wote ulikuwa umelowa chapachapa, na wanawake wakaacha cherehani wakapiga makofi.

Nimekusamehe siku nyingi, nilikuwa nakosa pumzi ya kuandika tu. Njoo Krismasi. Shati nimelifua, liko kambani linakauka. Kesho nalivaa tena.

Ni mimi,
Baba yako