Kuhani Mkuu Alikataa Kutoka Nyuma ya Pazia

Jumapili, Agosti. Saa kumi na mbili kasorobo jioni.

Nakuru leo imeamka na baridi ya kuuma masikio. Manyunyu yanashuka kutoka upande wa Menengai tangu asubuhi, hayajaamua kama ni mvua au si mvua. Nimevaa sweta mbili.

Nina hasira. Naandika hivyo mapema ili nisijifanye nimeokoka kuliko nilivyo.

Nimesalitiwa na rafiki yangu, na alinisaliti akiwa amepiga magoti. Nitamwita Mama Praise. Si jina lake, ingawa kwa vile ninavyojisikia leo hastahili hata kufichwa. Ni mwalimu mwenzangu wa shule ya Jumapili. Miaka sita tumefundisha pamoja katika kile chumba cha mabati nyuma ya kanisa, yeye akiimbisha, mimi nikisimulia na kushona chochote kinachohitaji kushonwa. Siku za kazi mimi ni fundi wa mapazia. Nina cherehani mbili na kibanda karibu na steji ya matatu, na nyumba nyingi tu huku Kiamunyi zimefunika madirisha kwa kazi ya mikono yangu.

Mwezi huu tumekuwa tukiwafundisha watoto hekalu la Waisraeli. Tulianza na ua wa nje na madhabahu ya sadaka. Jumapili iliyopita tukaingia Patakatifu, kwenye kinara cha taa na meza ya mikate, na nikawaeleza makuhani walikuwa akina nani: ukoo mmoja tu, wazao wa Haruni, huwezi kuomba kazi hiyo kama hukuzaliwa humo. Nilieleza vizuri sana. Laiti ningejua.

Leo ilikuwa zamu ya chumba cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu. Chumba kisicho na dirisha, ambacho mtu mmoja tu aliingia, siku moja kwa mwaka, akiwa amevua joho lake la fahari na kuvaa kitani nyeupe peke yake. Nilijiandaa kama watu wa harusi. Sanduku la Agano lilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia niliyoivisha karatasi ya zawadi ya rangi ya dhahabu. Ndani nikaweka vipande viwili vya vigae viwe mbao za amri. Makerubi walikuwa wanasesere wawili wa binti yangu Shiku, na mabawa nikawashonea kwa shia, kile kitambaa chepesi cha mapazia, iliyobaki kazini. Pazia lenyewe nililishona siku tatu: buluu, zambarau na nyekundu, na bitana nzito nyuma ili mtu asione ndani hata akikodoa macho.

Niliwaonyesha kwamba amri ziko chini, na kiti cha rehema kiko juu kimezifunika, ili Mungu akitazama aone rehema kwanza. Kevo, ambaye hajawahi kuniachia somo lipite, akauliza, "Ticha, kwani amri zilikuwa zinasikia baridi?" Tulicheka wote. Shiku alicheka mpaka akajishika tumbo. Naikumbuka hiyo sauti kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyosikia leo ya aina hiyo.

Nikawaambia pia vile pazia la hekalu lilivyopasuka Bwana alipokufa, kutoka juu hadi chini. Hapo huwa najisikia mtaalamu. Nashinda na mapazia kila siku, na nawaambia pazia halipasuki kutoka juu. Juu ndiko kuna upindo mara mbili na mkanda wa kulabu, hapapasuki hata uvute kwa ng'ombe. Likipasuka huanzia chini, kwa watoto na paka na miguu ya makochi. Kwa hivyo, nikawaambia, aliyelipasua lile alikuwa juu, na alikuwa na ruhusa kwa sababu lilikuwa lake.

Kisha tukapiga kura ya kuhani mkuu kwa maharagwe ndani ya kopo. Atakayetoa haragwe jeusi ndiye. Praise, binti wa Mama Praise, alilitaka sana lile jeusi. Alikuwa amesukwa nywele mpya na tangu asubuhi alikuwa ananiambia yeye ndiye atakayeingia. Haragwe likamwangukia Shiku.

Tulimvisha shati jeupe la babake, mikono tukaikunja mara nne. Watoto wakadai tumfunge kamba mguuni. Walisikia mahali kwamba kuhani mkuu alikuwa anafungwa kamba, ili akifia ndani avutwe nje bila mtu mwingine kuingia. Kwenye Biblia haipo, na niliwaambia haipo, lakini watoto na hadithi ya kamba utawaweza? Tukafunga. Shiku akainua pazia, akaingia, pazia likaanguka nyuma yake. Watoto kumi na wanane wakanyamaza kabisa, kitu ambacho sijawahi kuona kwa miaka sita.

Ndipo Praise akasema, kwa sauti ya mtoto anayesahihisha hesabu ubaoni, "Lakini ticha, Shiku hawezi kuwa kuhani mkuu. Ulisema lazima uzaliwe kwa ukoo. Na yeye hata hukumzaa. Mamangu alimwombea Jumatano."

Nikaanza kurudisha maharagwe ndani ya kopo.

Mimi, mwenye mdomo huu ambao soko lote linaujua, nilihesabu maharagwe.

Ni kweli sikumzaa Shiku. Mamake alikuwa jirani yangu kule Ndabibi, tulipokuwa tumepanga vyumba vilivyopakana, yeye akifanya kazi ya vibarua kwenye shamba la mboga na mimi nikianza kujifunza cherehani. Alikuwa rafiki yangu. Alikufa mtoto akiwa na wiki tatu, na watu wake hawakupatikana. Mtoto alikuwa tayari mikononi mwangu, akabaki hapo. Tulipitia kortini, karatasi za kumlea zikatoka, tukahamia Nakuru ambako hakuna aliyetujua. Mimi na Baba Shiku tulikubaliana kumwambia akifika gredi ya sita. Mwaka jana tulikuwa tumekubaliana gredi ya tano.

Mwezi uliopita Shiku aliniuliza kwa nini sina picha nikiwa na mimba yake. Nilimdanganya kwamba simu ya zamani iliibwa. Nikakosa usingizi, na wiki hiyo hiyo nikaenda kwa Mama Praise kumuuliza nimwambie mtoto vipi, nianzie wapi, nitumie maneno gani. Nilimwambia, "Hii ni yako na Mungu tu." Alinishika mikono yote miwili. Alisema hata mumewe hatasikia.

Mumewe kweli hakusikia. Alienda akaiweka kwenye ibada ya akina mama ya Jumatano, kama hoja ya maombi. Shule zimefungwa, watoto walikuwa wamekaa pale miguuni pa mama zao, macho yamefumbwa na masikio wazi. Mimi sikuwepo, nilikuwa na mapazia ya mteja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ninayeshinda kwenye vitambaa sikukiona.

Turudi darasani. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti. Watoto walikuwa wananitazama mimi, kisha pazia, kisha mimi. Kevo ndiye aliyeanza, nafikiri kwa kutojua afanye nini: "Kuhani amekufa! Mvute!" Wenzake wakadaka kamba, wakaanza kuvuta wakicheka. Kamba ikakaza. Shiku hakutoka. Alikuwa ameshikilia kitu huko ndani.

Niliwapigia kelele waachilie kamba. Nikaingia mwenyewe.

Alikuwa amekaa chini kwenye saruji, amekumbatia mguu wa meza iliyobeba Sanduku, shati la babake limejaa vumbi. Hakuwa analia. Alinitazama tu, na mimi nikasema maneno ya kijinga kuliko yote niliyowahi kusema: "Tutaongea nyumbani." Mtoto wa miaka kumi si mjinga. Kama ingekuwa uongo ningesema ni uongo.

Nilimfungua kamba mguuni. Ilikuwa imemwachia alama.

Mama Praise nilimkuta kwenye chai baada ya ibada, nje ya jikoni la kanisa, kikombe mkononi. "Bwana asifiwe, mpendwa," akaanza, kisha akaona uso wangu. Nilimuuliza alisema nini Jumatano.

"Nilikuwa nakubeba kwa maombi, mama. Na jina sikutaja! Nilisema tu dada yetu mmoja anayefundisha watoto, mwenye binti ambaye hakumzaa."

Walimu wa watoto tuko wawili. Yeye ana watoto watatu na wote wamebeba pua yake.

Nilipomweleza kilichotokea darasani akashika kifua, akasema Shetani amechukua kitu kizuri akakiharibu. Nikamwambia Shetani sikumwambia siri yangu, nilikuambia wewe. Basi akalia. Na akilia hivyo, akina mama wakamzunguka wakamshika bega yeye, na mimi nikabaki nimesimama pale kama ndiye niliyekosa. Mmoja akaniambia nijifunze kusamehe. Ai! Hata chai ya Mama Praise haikuwa imepoa.

Pazia langu limepasuliwa kutoka chini, na mtu asiye na ruhusa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi nyumbani, na niliona ni maneno mazuri, nikapanga hata kuyaandika hapa nimalizie nayo.

Lakini kuna kinachoniuma zaidi, na nikikiruka nitakuwa naandika uongo.

Tulipofika nyumbani Shiku alichukua kisu akaanza kumenya viazi bila kuambiwa. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na hotuba. Miaka kumi nimekuwa nikiitengeneza ile hotuba, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa bafuni. Nilikuwa na "ulichaguliwa", nilikuwa na "mapenzi ni zaidi ya damu". Nikafungua mdomo, naye akanitangulia.

"Kwa nini Mama Praise alijua kabla yangu?"

Hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza kama nampenda. Aliuliza hilo, akiendelea kumenya, na maganda yakawa yanatoka mazito, nusu ya kiazi inaenda na ganda.

Hotuba yote ikaniishia. Nilitaka kusema nilikuwa natafuta ushauri, na ni kweli, lakini niliona vile inavyosikika. Habari ilikuwa yake. Niliitoa nje ya nyumba kwanza, nikampa mtu mwingine aishike, halafu nashangaa imefika sokoni. Mama Praise amenisaliti mimi, sawa. Shiku amesalitiwa na nani?

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia niliogopa atanitazama kama mgeni. Nilimwomba msamaha, na sikumwambia ajifunze kusamehe. Alimaliza viazi. Babake anafanya kazi kwenye ghala la mahindi kule Rongai, nilikuwa nimempigia, akasema tu, "Nakuja." Bado yuko njiani.

Kisha Shiku akauliza mamake alikuwa anaitwa nani.

Hilo jina Mama Praise hakuwahi kuniuliza, na sikuwahi kumwambia. Mamangu mzazi halijui. Kwa nyumba hii tulikuwa tunasema "yule dada wa Ndabibi" tu, mpaka nikawa naogopa nitalisahau. Nilimwambia. Akalirudia polepole mara mbili, akaniuliza kama alikuwa anajua kuimba. Nikamwambia alikuwa anaimba vibaya sana, na kwa sauti kubwa, akifua. Akatabasamu kidogo, kisha akalia, na akakubali nimshike.

Anajua huwa naandika hapa na watu wanasoma. Kabla sijafungua kompyuta nilimuuliza kama naweza kuandika ya leo. Ni mara ya kwanza nimemuuliza, na naona haya kusema hivyo.

"Andika tu, si washajua wote," akasema. "Lakini jina lake usiandike."

Siandiki.