Mstari Niliokuwa Naufuta Kwenye CV za Watu

Alhamisi, Kasulu. Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa nne, halafu likatoka jua la kutosha kukausha shuka na nusu ya jinzi. Umeme haujakatika hata mara moja. Printa haijala karatasi ya mtu. Nimekaa kwenye kiti changu cha dukani, nimekunja miguu, na nimefurahi kiasi kwamba naona haya kidogo kusema.

Wifi yangu amepata kazi.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: nina steshenari ndogo barabara ya kwenda sokoni. Natoa kopi, nachapa barua, napiga vyeti lamination, na zaidi ya yote naandika CV. Wifi ni Yustina, dada wa mume wangu, mtoto wa Munanila kule karibu na mpaka. Alisoma cheti cha maendeleo ya jamii, akaja kukaa kwetu atafute kazi. Huu ni mwaka wa pili. Kabla ya hii aliomba sehemu sita, na mara zote sita CV nilimwandikia mimi. Hakuitwa hata kwenye usaili mmoja.

Mwezi uliopita aliacha kuuliza kama kuna tangazo jipya. Akawa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Siku moja nikakuta begi lake limefungwa zipu, limesimama nyuma ya mlango. Akasema hana haraka, limebaki ombi moja tu, nalo likikataliwa anarudi Munanila kulima maharage. Aliyasema bila kulia, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu ninajua anavyoyachukia maharage.

Sasa niungame.

Mimi huwa siandiki CV. Ninayo moja. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aitwaye Filbert alikuja kuchapa CV aliyotengenezewa na mwalimu wake, imepangwa vizuri, ina mistari iliyonyooka. Nikaihifadhi. Tangu hapo kila mteja akija nafungua faili la Filbert, nafuta jina, naweka la kwake, nabadilisha shule, natoa. Dakika kumi, mtu anaondoka na bahasha yake na matumaini.

Shida ni kwamba mle ndani kulibaki mambo ya Filbert ambayo jicho langu lilishayazoea. Pale kwenye mambo ayapendayo, Filbert aliandika kuimba kwaya, sauti ya nne, ile besi ya wanaume. Binti wa Mzee Hamisi, yule muuza vitenge wa karibu na msikiti, alikwenda kuomba kazi ya mapokezi na karatasi inayosema anaimba kwaya, sauti ya nne. Aliligundua mwenyewe baada ya miezi mitatu, akaja kunionyesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka.

Mengine ni ya kawaida, mnayajua. Ile sentensi ya kufanya kazi chini ya shinikizo, ambayo nimempa hata mtu anayeomba kumwagilia bustani. Wadhamini ambao hakuna aliyewapigia kuwaambia kwamba wametajwa, na mmoja ameshahama mkoa. Barua inayomalizia kwa "nipo tayari kwa kazi yoyote mtakayonipa", kwa kuwa huku tumelelewa kuomba kwa kujishusha, na mwajiri akisoma anaona mtu asiyejua anachokitaka. Anwani ya barua pepe ya Yustina ilikuwa na neno "mrembo" katikati. Aliifungua akiwa kidato cha pili, na ndiyo aliyoombea kazi zote sita.

Hayo nilikuwa nayaona, ni uvivu tu. Lakini liko kosa moja ambalo sikulifanya kwa uvivu. Nililifanya kwa makusudi, nalo lilijitokeza siku tulipokaa kuandika hili ombi la mwisho.

Tangazo lilikuwa la shirika linalohudumia kambi upande wa Kibondo. Wanatafuta mtu wa kukaa kwenye dawati la malalamiko: anawasikiliza wakimbizi kutoka Burundi, anaandika shida zao, anazifikisha zinakotakiwa. Waliandika kwamba mwombaji aweze kuzungumza na jamii moja kwa moja. Yustina akaguna.

"Wifi, hapo wanataka Kifaransa hao. Niandikie Kifaransa, kidogo."

Nikamuuliza anajua nini. Akasema bonjour, merci, na ile ya kuulizana habari, ambayo ilimpotea katikati. Nikachapa: Kifaransa, kidogo.

Nikiwa bado nachapa akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini kuja hospitali, na karatasi nne mkononi. Ameambiwa atoe kopi ya mojawapo, hajui ni ipi. Akanieleza kwa Kirundi, taratibu, mara mbili. Nikamjibu ninavyowajibu wote: "Mama, sema Kiswahili, sisikii." Akainamisha macho, akaanza kukunja karatasi zake.

Yustina akanyanyuka. Akapiga yale makofi yetu ya salamu, akamvutia stuli. Waliongea nusu saa nzima. Akamsomea karatasi moja moja, akamtolea ile ya kliniki, akamuuliza mtoto anaharisha tangu lini, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi mambo ya kumwambia daktari. Mama yule aliingia amejikunja, akatoka anacheka. Yustina akarudi kukaa, akafuta jasho.

"Haya, tulifika wapi? Kwenye Kifaransa?"

Mikono yangu ilikuwa imebaki juu ya kibodi. Nilikuwa nimeiona kazi anayoiomba ikifanyika mbele yangu, hatua mbili kutoka kwenye printa, na kwenye CV yake hapakuwa na neno hata moja la kuonyesha kwamba anaiweza.

Nikamwambia tufute Kifaransa, tuandike Kiha na Kirundi. Akanitazama kama nimemwambia aandike kwamba anajua kula ugali.

"Oya, hapana wifi. Kiha nacho ni kitu cha kuandika? Kila mtu anacho. Wataniona mshamba tu wa Munanila. Na Kirundi si changu, nakisikia tu kwa sababu sokoni kwetu wanavuka kuja kuuza."

Anakisikia tu. Nusu saa nzima alikuwa anakisikia tu.

Halafu akaniuliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Na wewe mbona hujawahi kuniandikia, mara zote sita?"

Naandika jibu hapa.

Faili la Filbert lilipokuja, chini ya Lugha palikuwa na mistari mitatu: Kiha, Kiswahili, Kiingereza. Wa kwanza niliufuta mimi, kwa mkono wangu, kabla hata sijaanza kulitumia. Kirundi ndiyo lugha niliyoombea maji nikiwa mtoto. Bibi na babu walivuka mpaka zamani, wakalima huku, wakazeekea huku. Uraia wetu upo, umo kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mama. Kambini sijawahi kulala hata siku moja. Lakini shuleni walinibatiza Mtabila, kwa jina la ile kambi ya karibu na mji ambayo baadaye ilifungwa. Mtabila, lete chaki. Mtabila, kwenu wanakula nini. Nikajifunza Kiswahili kilichonyooka, cha redioni, nikakivaa kila siku kama sare.

Kwa hiyo mteja akitaja Kiha, mimi naogopa swali litakalofuata. Kiha na Kirundi ni majirani wa kugusana kuta, mtu akianza kimoja atafika kwa kingine, kisha ataniuliza, na wewe je, wa wapi? Nikauondoa mstari ili maongezi yasianze. Mama akinipigia nikiwa dukani, natoka nyuma kwenye pipa la maji ya mvua, naongea naye kwa kunong'ona. Mume wangu anajua. Hajawahi kunisema, na nadhani ingekuwa afadhali angenisema.

Niliwafutia watu lugha ya mama zao kwa sababu ya woga wangu mwenyewe.

Jumapili baada ya misa tulikaa mimi na Yustina tukaanza na faili tupu. Sauti ya nne haikuingia. Mrembo hakuingia. Tuliwapigia wadhamini kwanza, na mmoja hakumkumbuka Yustina mpaka alipokumbushwa habari ya ng'ombe aliyeingia darasani. Mahali pa "nina uzoefu wa kufanya kazi na jamii" tukaandika alichokifanya kweli: wakati wa chanjo alipita nyumba kwa nyumba kwenye kata yao, na akina mama waliokataa aliwarudia mpaka wakakubali. Zikatoka kurasa mbili. Mwishoni, Lugha. Kiha, ya nyumbani. Kirundi, naelewa na kuzungumza vizuri. Kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Ule mstari wa Kirundi tuliubishania muda mrefu kuliko kurasa zote mbili.

"Haya, andika," akasema mwishowe. "Wakinicheka nitawaambia ni wewe."

Wakamwita. Jumatatu ya wiki hii akaenda Kibondo, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, akanisimulia huku anavua viatu. Benchi lilikuwa refu. Kulikuwa na wa hapa Kasulu, wa Kibondo penyewe, na dada mmoja wa Gwarama aliyebeba ndizi za kuchoma akawagawia wote. Asubuhi yote walitaniana kwa Kiha. Ila kila aliyeitwa alikiacha Kiha mlangoni, akaingia na Kiingereza chake cha kukariri.

Zamu yake ilipofika, mama mmoja kati ya wasaili waliokaa mezani akaisoma CV, akamgeuzia Kirundi palepale. Akamuuliza, mtu amekuja na hasira, kadi yake ya mgao imepotea, watoto hawajala, utamwambia nini. Yustina anasema alisahau kuogopa. Alimjibu kama anavyowajibu watu wa sokoni kwao. Kisha wakamwambia kwamba kati ya waliokuwa benchini siku ile, ni yeye peke yake aliyeandika lugha hizo. Wengine hawakuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama wanazijua.

"Na wifi," akaniambia, "wawili pale benchini CV zao ni za hapa kwako. Nilizichungulia. Wote sauti ya nne."

Alicheka sana. Mimi nilijaribu kucheka, nikashindwa.

Leo saa tano alikuwa ananisaidia kukata kingo za lamination, simu yake ikaita. Akaweka mkasi chini. "Ego," akasema, yaani ndiyo. Akasikiliza. "Ego. Ego." Kisha akanyoosha mgongo akashukuru kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa Kiingereza, vyote vitatu, ili asikose kimoja. Simu ilipokatika akaibana kifuani akabaki ameangalia printa. Anaanza mwezi ujao. Nikalia mimi, yeye akanipa karatasi ya kujifutia, karatasi ngumu ya kuchapia, pua yangu bado inauma.

Mchana nilipokwenda nyumbani kula nikakuta begi liko wazi kitandani. Nguo za kulimia zimetolewa, amempa dada wa jirani. Sketi mbili za ofisini zimekunjwa juu.

Basi nimerudi dukani nikalifuta faili la Filbert. Popote alipo, na aendelee kuimba. Wale wawili wa benchini nimeshawapigia waje Jumamosi, tukae upya, kila mtu na yake, na hakuna kulipa. Wa zamani wengine nitawatafuta mmoja mmoja. Sitawapata wote. Hilo litanikaa rohoni, na ni haki yangu likae.

Lakini sijamaliza ya leo.

Saa tisa duka lilikuwa limejaa. Wanafunzi wa chuo wawili, dada mmoja mwenye mtihani wa kuchapa, na Mzee Hamisi, amekuja mwenyewe kutoa kopi ya kitambulisho, tangu sakata la kwaya alikuwa hajakanyaga hapa. Simu yangu ikaita. Mama. Nikainuka kama kawaida, nikafika mpaka mlango wa nyuma, mkono uko kwenye kitasa.

Nikarudi nikakaa.

Nikapokea palepale mbele yao, kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu aliye kwake. Mzee Hamisi akainua macho, akayarudisha kwenye kitambulisho chake. Wanafunzi waliendelea kubishana kuhusu rangi ya jalada. Hakuna aliyeuliza kitu. Miaka yote ile nilikuwa nalikimbia swali, na leo limeshindwa hata kuja.

Aliyeshtuka ni mama. Akaniuliza niko wapi, mbona leo kuna kelele za watu. Nikamwambia, niko dukani mama, nimekaa.

Halafu akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha.

Nikamwambia bado. Kesho nitampigia mimi.