Noti ya Juu Ninayomficha Shemeji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana ukilisikia jambo hili juu juu utasema watu wana wagonjwa na kesi mahakamani, huyu baba mzima analilia noti moja ya tarumbeta, lakini hapa lilipofika noti hiyo itanivunjia bendi, itanivuruga na mke wangu, na itanipotezea rafiki niliyenaye tangu sijaota ndevu vizuri.

Kazi yangu ni mpangaji wa muziki. Upangaji wa nyumba nao ninao, muulize mwenye nyumba wangu, lakini riziki yangu ni muziki. Bendi yetu ni bendi kubwa ya jazi, matarumbeta manne, tromboni, safu nzima ya saksafoni, piano, besi na ngoma, na wimbo ukiletwa mimi ndiye ninayekaa na penseli kuamua nani apige nini, wapi saksafoni ziingie, wapi tromboni zinyamaze, wapi wote walipuke kwa pamoja, na nyimbo nyingine natunga mwenyewe. Naandikia mezani jikoni, mke wangu anakata mboga upande mmoja, mimi nafuta na raba upande wa pili, amekwisha kuzoea kukuta vumbi la raba kwenye chumvi. Na nina tabia yangu moja, juu ya karatasi siandiki "tarumbeta la kwanza", naandika jina la mtu, kwa sababu mimi namwandikia mtu, najua nani ana pumzi ndefu, nani akiona noti nyingi anakimbia, nani ukimpa kitu cha polepole atakuliza.

Tarumbeta la kwanza ni kaka wa mke wangu, yaani shemeji yangu, tunamwita Kilele, kwa sababu kule juu ambako wengine wanafika wakihema yeye alikuwa anatembea kama yuko sebuleni kwake. Ndiye aliyeniingiza kwenye bendi, wakati huo nikipiga saksafoni vibaya, na ndiye aliyeniambia, "Bwana we, hii saksafoni umeionea vya kutosha, iweke chini ushike penseli," akanikalisha nyuma ya matarumbeta kila mazoezi nijifunze watu wanapumua wapi. Wimbo wangu wa kwanza unaitwa Ngazi, na siku ulipojaribiwa uliporomoka, kiongozi wa bendi akakusanya karatasi akasema tushike kingine, Kilele akasimama akasema, "Turudie. Tumekosea sisi, hajakosea yeye." Wakarudia. Pale mwisho bendi yote inanyamaza, tarumbeta linabaki peke yake juu kabisa, na siku hiyo aliishika ile noti mpaka mafundi seremala walioko chini ya chumba chetu cha mazoezi wakazima misumeno yao wasikilize. Tangu siku hiyo watu wananiita mtunzi, na jina hilo nimelipata kwa pumzi yake.

Sasa umri haumngoji mtu. Jino lake la mbele linacheza, mdomo haukazi tena, na kwenye sherehe moja ile noti ilikatika mbele ya watu, ikatoka kama bawaba inayodai mafuta, akacheka akasema ni baridi, na baridi haikuwepo. Mshauri, iliniuma kama nimeanguka mimi. Kesho yake nikaishusha Ngazi yote, ile noti ya mwisho nikampa binti wa tarumbeta la pili ambaye ana mdomo wa chuma, Kilele nikamweka chini yake, nikajaza saksafoni hapo hapo ili msikilizaji asijue nani yuko juu na nani yuko chini. Walipouliza nikasema nimechoka na mbwembwe, nataka muziki uliotulia. Basi ndiyo ikawa desturi, kila wimbo nikiuandika nauinamisha upite chini ya kimo cha shemeji yangu, na yeye anapiga, anaweka tarumbeta kwenye sanduku, anaondoka. Zamani nikileta karatasi mpya alikuwa ananivamia mlangoni, "Shem, umenipikia nini leo?" Siku hizi haulizi, nadhani ni utu uzima.

Muziki wenyewe umeharibika, nasema ukweli wangu. Saksafoni zinavuma huko chini kama zinaongelea ndani ya pipa, vijana wanasema nyimbo zangu zimekaa kitako, kiongozi amenivuta pembeni akaniambia, "Mzee mwenzangu, zamani ulikuwa unarusha watu vitini, siku hizi unawabembeleza walale," na nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema nimeishiwa. Nimevumilia. Nikasema heri waseme nimeishiwa mimi.

Lakini sasa bendi inakwenda studio kurekodi nyimbo zake kubwa, na kiongozi ametoa amri kwamba Ngazi irekodiwe ile ya kwanza, kama ilivyoandikwa, na Kilele juu. Wiki iliyopita karatasi moja ya zamani ilichanganyika na mpya ikawekwa mbele yake kwenye mazoezi, akaitazama, akasema amesahau miwani, akatoka nje, akarudi wimbo umekwisha. Yule binti naye amenifuata kwenye ngazi za jengo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nakuomba usinipe mimi ile noti studio, ina mwenyewe." Mke wangu amesema nikimwaibisha kaka yake nisimjie na maelezo. Basi nimezichukua karatasi zote za zamani nikaziweka chini ya godoro, na kiongozi nimemwambia bado nazitafuta, na kila nikilala nazisikia zinakwaruza. Nizichome niseme zimepotea, yaishe? Au nizitoe, shemeji avunjike kwenye rekodi itakayobaki hata sisi tukiwa hatupo? Nimekwama, mshauri, na muda hauningoji.

Ni mimi, Penseli wa Jikoni.

*

Penseli wa Jikoni,

Sijakucheka. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikakuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na jibu hili nalitoa nikiwa bado na hasira kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Unipe jibu la swali moja. Ngazi ni wimbo wa Kilele, ameupiga miaka yote hiyo, anaujua kama njia ya kwenda kwake. Mtu huyo anahitaji miwani ya nini? Mwenzio aliona karatasi akajua ni ipi, akatoka nje ili usimwone uso. Na wewe uliyejifunza watu wanapumua wapi, ukaandika kwenye barua "amesahau miwani" ukapita. Na kwamba haulizi tena umempikia nini, ukasema ni utu uzima. Utu uzima gani, jamani? Haulizi kwa sababu anajua umempikia uji.

Anajua, ndugu yangu. Tangu siku ya kwanza anajua. Mpiga tarumbeta hajui mdomo wake? Binti anajua, ndiyo maana alikufuata kwenye ngazi. Mkeo anajua, asingesema lile neno. Mnakaa chumba kimoja watu wazima wote, mnajua jambo moja, na kila mmoja anatembea kwa ncha za vidole akidhani mwenzake amelala.

Mimi muziki siujui, napenda tu ukipigwa. Lakini mama yangu alikuwa mshonaji, na macho yake yalipoanza kufifia, mimi na dada zangu tukawa tunaamka mapema tunamtungia uzi kwenye sindano zote, tunazichomeka kwenye mto wake wa sindano, akikaa kazini anakuta tayari. Tukajiona watoto wema kweli kweli. Siku moja akazichomoa zote, akazing'oa uzi mmoja mmoja, akatuuliza, "Haya macho si yangu? Mbona mnanificha mimi mwenyewe?" Tulikosa pa kuweka sura. Kumbe miezi yote ile alikuwa anakaa pale na huzuni yake, na hana hata mtu wa kumwambia, maana sisi tulijifanya haipo.

Ndicho ulichomfanyia shemeji yako. Najua ulimpenda, hilo limejaa barua nzima na limenigusa. Lakini umemwacha peke yake na jino lake linalocheza. Hawezi kulalamika, hawezi kuaga ile noti kwa heshima yake, hawezi hata kukutania. Alisimama mbele ya bendi nzima akasema "tumekosea sisi", kwa sauti, kila mtu akisikia. Wewe deni hilo la utu umelilipa kwa kunong'ona na raba. Tena umeona aibu badala yake, kama vile kuzeeka ni kosa alilotenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenu nyinyi kinachokufa ni muziki, umesema mwenyewe.

Kuchoma karatasi, hapana. Usinitajie tena. Hizo karatasi zina jina lake juu, uliandika kwa mkono wako. Kumchomea mtu jina lake kisha ukale naye chakula mezani kwa dada yake, utaweza? Na kumwacha aende studio bila neno, akutane na ile noti mbele ya maikrofoni na wewe umeinamisha kichwa, hapana pia. Huo utakuwa uoga wa aina nyingine.

Sasa sikiliza. Mazoezi yajayo yasikukute hujazungumza naye. Inua godoro, toa karatasi, mpelekee kiongozi mwombe siku chache, mwambie ukweli kwamba ulizificha. Akufokee, umestahili. Halafu nenda kwa shemeji yako, nyumbani kwake, mchana, peke yako. Mkeo asiende. Usimpe kiongozi wala binti kazi ya kukusemea. Usianze na mdomo wake, usianze na jino. Anza na wewe: "Shem, nimekuwa nikikushushia noti bila kukuambia, nimekukosea." Kisha nyamaza. Najua nyinyi wapangaji mnapenda kupanga nani aingie lini, lakini hapo usipange kitu. Akikasirika, kaa. Akikufukuza, toka, urudi kesho yake. Akilia, mtazame, usimtafutie baridi ya kusingizia.

Akisema ile noti apewe binti, basi aitoe yeye, kwa mkono wake, mbele ya bendi, na binti aipokee kwake. Ataipokea vizuri, msichana yule ana adabu kuliko sisi wote. Na akisema ataipiga mwenyewe studio, mwache aipige. Usimkataze, usimwekee saksafoni za kumfunika. Ikikatika, itakatikia mdomoni mwake, na mdomo ni wake, na ni bora kuliko kukatikia kwenye penseli yako. Heri lawama kuliko fedheha, na lawama hii uibebe wewe.

Mkeo mwambie hivi: aliogopa kaka yake asiaibishwe, na hakukosea kuogopa. Aibu imekwisha kuwepo nyumbani muda mrefu, inakaa chini ya godoro analolalia.

Neno langu la mwisho ni dogo. Umesema huandiki chombo, unamwandikia mtu. Basi mtu huyo bado yupo, anapumua, ana sauti ya leo ambayo hujawahi kuisikiliza kwa sababu ulikuwa una kazi ya kuificha. Huenda huko chini alikokwenda kuna kitu ambacho hata binti mwenye mdomo wa chuma hakiwezi. Siku hiyo ukienda kwake usibebe Ngazi. Beba penseli na karatasi tupu, andika jina lake juu, umwekee mezani, na safari hii swali uulize wewe: "Shem, nikupikie nini?"